Kuizunguka Unguja na Pemba kwa baskeli, peke yangu, kwa ratiba ya mabaharia

Mwanzisha uzi

Assalamu alaykum, waungwana.

Kila inapokaribia kipupwe hunijia vijana, baadhi yao wanafunzi niliowasomesha, wakiniuliza habari za safari ya baskeli niliyoifanya miaka iliyopita katika visiwa vyetu viwili nikiwa peke yangu. Maswali huwa hayo kwa hayo: baskeli ilikuwa ya aina gani, ilikuwa na gia ngapi, na kwa siku nilikuwa nikienda kilomita ngapi. Huwajibu, lakini kila ninavyoitazama safari ile kwa mbali ndivyo ninavyozidi kuona kwamba mambo hayo ndiyo yaliyokuwa na uzito mdogo kabisa. Kilichoamua nielekee upande gani, nitoke saa ngapi na nilale wapi ni upepo na maji ya bahari, ijapokuwa muda mwingi nilikuwa juu ya lami. Naomba nieleze kwa urefu, na wenye ujuzi zaidi wanisahihishe.

Upepo kwanza. Sote tunajua kwamba kaskazi hushika kuanzia Disemba hadi Machi, kisha huja kusi na kuendelea mpaka Septemba au Oktoba, na baina yake kuna tanga mbili, wakati ambao upepo hauna msimamo. Mzee yeyote aliyewahi kusafiri na jahazi anaijua kalenda hiyo bila ya kuangalia karatasi, lakini mpanda baskeli wa leo huipuuza kwa kudhani kwamba inawahusu wenye matanga peke yao. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na upande wake wa mashariki, kuanzia Makunduchi mpaka Matemwe, sehemu kubwa ni maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, yenye vichaka vifupi na minazi ya pwani, ambayo haimkingi mtu na chochote. Ukiifuata pwani hiyo kuelekea kusini katika mwezi wa Julai, kusi hukupiga usoni mchana kutwa. Ukiifuata kuelekea kaskazini, upepo ule ule hukusukuma mgongoni na ubavuni kulia, na hakuna gia inayoweza kuiziba tofauti hiyo. Wageni wanaokuja Paje kuvutwa majini na tiara kubwa wameshaujua upepo huo na hukata tiketi zao za ndege kwa kuufuata. Sisi tuliozaliwa nao tunaondoka siku yoyote tuliyopewa likizo.

Upande wa magharibi mambo ni mengine. Huko ardhi ni ya udongo, pana minazi, miembe na mashamba, na miti hiyo huuvunja upepo kabla haujamfikia mpandaji. Kwa hiyo nilitoka mjini nikashika njia ya kusini, nikapita chini ya miembe ya Bungi ambayo watu huinasibisha na Bi Khole, binti wa Sayyid Said, kisha Kitogani na Muyuni mpaka Kizimkazi Dimbani. Sehemu yote hiyo nilikuwa nikienda kinyume cha kusi, lakini miti ilinisitiri. Kizimkazi nilisimama kwa muda wa kuuona msikiti wake wa kale, ambao maandishi ya kibla yake yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, nikaenda kulala Makunduchi. Kuanzia hapo niligeuka na upepo.

Hapo ndipo maji nayo yalipoanza kuwa na kauli. Kutoka Jambiani hadi Bwejuu kuna njia mbili, ya lami na ya ufukweni, na hiyo ya pili hupatikana maji yakipwa tu. Katika siku za bamvua, karibu na mwezi kuandama na mwezi mpevu, bahari hurudi nyuma mbali sana na kuacha mchanga uliobanana ambao tairi haizami. Katika siku za maji mafu, ambapo bahari haipwi sana, mtu asijihangaishe. Nilipita hapo asubuhi ya bamvua, na kina mama walikuwa wakishuka kwenda kwenye mashamba yao ya mwani, kilimo ambacho kilianza kibiashara katika pwani hiyo mwaka 1989. Mpandaji akae juu ya mchanga mtupu, kwani vigingi na kamba za mwani ni mali ya watu kama ulivyo muhogo shambani. Na jioni yake baskeli ioshwe kwa maji ya kisima, ikaushwe, kisha mnyororo utiwe mafuta ya cherehani usiku huo huo, maana kutu la maji ya chumvi halingoji kesho.

Michamvi njia ya lami huishia baharini. Mbele yake ni ghuba, na ng'ambo ya pili ni Chwaka. Mwenye haraka hurudi Paje na kuzunguka kwa ndani kupitia Jozani, lakini mimi nilimwomba mwenye chombo anivushe pamoja na baskeli, naye akaniambia kwamba nisubiri maji yajae kwa sababu ghuba ile ikipwa hukauka sehemu kubwa. Nilisubiri mpaka baada ya adhuhuri. Wengi husema kwamba huo ni muda uliopotea, na mimi nauhesabu kuwa ni sehemu ya safari sawa na sehemu ya kukanyaga pedeli, maana miguu ilipumzika na nilipata kula.

Kutoka Chwaka hadi Matemwe, kupitia Uroa, Pongwe na Kiwengwa, sina jambo la kusimulia isipokuwa kwamba kusi ilinibeba. Kutoka Matemwe niliingia ndani hadi Kinyasini, nikaishika njia ya Kivunge kwenda Nungwi, kisha nikarudi mjini kupitia Mahonda na Bububu, tena chini ya miti.

Pemba inataka maelezo yake peke yake. Ukishuka bandarini Mkoani unaanza kupanda kabla hujapata kukaa vizuri juu ya kiti. Kisiwa kina urefu wa kilomita 67 hivi na upana wa kilomita 22, na hakuna kilima chake kinachofika hata mita 150, lakini vilima hivyo havina mwisho: unashuka bondeni penye mpunga, unavuka kijito, unapanda penye mikarafuu, unashuka tena. Penye mwinuko mkali nilikuwa nikiteremka na kuikokota baskeli, wala sioni aibu kulisema hilo. Halafu kuna umbo la kisiwa chenyewe. Pwani yake ya magharibi imegawika mithili ya vidole vya mkono, baina ya kidole na kidole pana bahari na mikoko, na kila njia inayokwenda pwani, iwe ya Wambaa, ya Ndagoni au ya Gando, huishia huko huko. Barabara ya kuizunguka Pemba kwa kufuata ukingo wa bahari haipo. Anayesema kwamba ameizunguka, amechagua vidole vichache na kuviacha vingine. Mimi nilichagua Ndagoni, kwa ajili ya magofu ya Ras Mkumbuu, na Kigomasha. Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 ziligunduliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, niliiacha kwa sababu hufikiwa kwa miguu maji yakipwa, na siku niliyofika Wete kupwa ilikuwa alfajiri na magharibi.

Nilikuwa Pemba msimu wa karafuu umeanza. Majamvi yametandikwa kando ya barabara, na mpandaji lazima ajiweke katikati hata kama gari linapiga honi nyuma yake, kwani kukanyaga karafuu za mtu ni ugomvi wa haki. Tena msafiri wa peke yake mwenye gunia lililofungwa kwenye keria katika msimu huo ataulizwa amebeba nini. Karafuu huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar tu, na magendo yake yana historia ndefu. Niliulizwa zaidi ya mara moja, nikafungua gunia, wakaona shuka, pampu na tyubu, tukaagana kwa salama. Nashauri mzigo ufungwe kwa namna ambayo unaweza kufunguliwa kwa wepesi, na mtu asitembee usiku.

Baada ya Konde njia huingia katika msitu wa Ngezi, na humo hakuna upepo wala jua. Ukitoka upande wa pili, Makangale, unaanza kuisikia bahari, na mwisho wa kila kitu ni mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Kutoka hapo sikurudi kwa baskeli. Kusi ilikuwa imepamba moto, kwa hiyo nilifika Konde, nikaipandisha baskeli juu ya gari ya abiria, nikashuka nayo hadi Mkoani.

Neno la mwisho ni juu ya kuwa peke yangu. Watu hudhani kwamba tabu yake ni upweke. Mimi tabu niliyoiona ni kwamba hakuna wa kukuangalizia baskeli unapoingia msikitini, unapokwenda haja au unapotaka kuoga baharini. Dawa yake ni barza, pale wazee wanapokaa kuzungumza: unasalimia, unaeleza ulikotoka na unakokwenda, unaiegemeza baskeli mbele ya wazee, na haitaguswa. Kwa kulala nilikuwa nikianza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo dogo liitwalo shehia, kwani mgeni anayelala katika shehia anatakiwa ajulikane, na mara nyingi sheha mwenyewe ndiye aliyenitafutia nyumba.

Mchangiaji kutoka Konde

Wa alaykumu salaam, Maalim. Nimeusoma uzi wako wote kwa makini na nakushukuru, lakini nina mambo mawili ya kukupinga kwa heshima.

La kwanza ni kwamba hesabu yako ya upepo ni sahihi kwa Unguja mashariki, lakini umeivusha bahari kwa nguvu. Katika njia kuu ya Pemba, kutoka Mkoani hadi Chake Chake na kutoka Chake Chake hadi huku kwetu, mpandaji yumo mabondeni na mikarafuuni karibu muda wote, na upepo hana habari nao. Mimi nimekwenda na kurudi njia hiyo kwa baskeli tangu nikiwa skuli, katika kusi na katika kaskazi, na sijaona tofauti ya maana. Kinachokuchosha ni vilima, na vilima haviangalii msimu. Upepo utaukuta ukitoka kwenda Micheweni na Kiuyu, kwenye maweni, ambako hukufika. Nasikitika kwamba hukufika, kwani huko ndiko ambako nadharia yako ingepata ushahidi.

La pili ni hiyo gari ya abiria. Anayesema amezunguka kisiwa kwa baskeli, kisha nusu ya kisiwa akakaa juu ya kiti cha gari, atuwie radhi.

Mchangiaji kutoka Chake Chake

Katika hilo la gari mimi nipo na Maalim. Mtu wa mwanzo kuizunguka dunia kwa baskeli, Thomas Stevens, aliondoka San Francisco mwezi wa Aprili 1884 na kumalizia Yokohama mwezi wa Disemba 1886, akiwa juu ya ile baskeli ya zamani yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Bahari zote alizivuka kwa meli, na alipozuiwa Afghanistan alirudi nyuma akaenda India kwa njia ya bahari. Hakuna aliyemnyang'anya safari yake kwa sababu hiyo. Na kwa faida ya wasomaji, bwana huyo huyo alifika Unguja mwaka 1889, alipotumwa na gazeti la New York World kutafuta habari za mvumbuzi Stanley aliyekuwa bara. Kama angekuja na baskeli yake, basi pengine angetutangulia sote katika kupima upepo wa Makunduchi.

Juu ya vilima namuunga mkono ndugu yangu wa Konde. Nyongeza yangu ni kwamba vilima vya Pemba vinataka breki kuliko vinavyotaka gia. Watu huhangaikia kupanda, na ajali hutokea katika kushuka, hasa asubuhi baada ya mvua ambapo udongo mwekundu huteremka juu ya lami na kuteleza. Kabla ya kuondoka Mkoani, mpira wa breki uwe mpya mbele na nyuma.

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Konde, nimekuelewa kuhusu njia kuu, nawe unaijua kuliko mimi. Ninachoshikilia ni kwamba kutoka Makangale hadi Kigomasha nilikuwa wazi kwa upepo, na kwamba kivuko cha kutoka Malindi hadi Mkoani, ambacho ni sehemu ya safari kwa yeyote anayetoka Unguja, katika kusi kali kinaweza kumfikisha mtu Pemba akiwa hana nguvu za kupanda hata kilima cha mwanzo. Mimi nilipumzika siku nzima Mkoani kwa sababu hiyo. Juu ya gari, kila mtu na kipimo chake. Sikuweka nadhiri ya kukanyaga kila shibiri ya ardhi.

Mchangiaji kutoka Paje

Maalim, mimi ni mwanamke, ni mwalimu wa skuli, na nimewahi kwenda peke yangu kwa baskeli kutoka Paje hadi mjini, kutoka mjini hadi Nungwi, na mara moja kutoka Mkoani hadi Wete. Nimeusoma uzi huu na nimeona kwamba ratiba yako iliandikwa na upepo kwa sababu mengine yote yalikuwa yameshatengenezwa. Mwanamume akifika kijijini magharibi anasalimia barzani, anapelekwa kwa sheha, anapewa kitanda. Mimi nikifika magharibi naulizwa nimetoka kwa nani na ninakwenda kwa nani, na jibu la kuwa ninatembea tu halimtoshi mtu. Kwa hiyo safari zangu nilizipanga kwa kuhesabu nyumba: shangazi yangu yuko wapi, rafiki niliyesoma naye chuoni ameolewa kijiji gani, na baina ya nyumba na nyumba nitafika kabla ya jua kuchwa au sitafika. Ilitokea kwamba nilikwenda kusini katika kusi, mbele ya upepo wote uliouelezea, kwa kuwa shangazi anakaa Makunduchi na hahami kwa ajili ya msimu.

Silalamiki, kwani nilipokelewa vizuri kila mahali, na kina mama wengi waliniuliza habari za baskeli kwa hamu kubwa. Nasema haya ili msichana atakayeusoma uzi huu ajue kwamba ratiba ya kwanza ni ya jamaa, kisha ndiyo aangalie upepo. Ama kuhusu mavazi, suala ambalo huulizwa kila siku: nilitumia baskeli ya kike yenye kifuniko kizima cha mnyororo, nikavaa suruali pana chini ya buibui fupi, na kwenye gurudumu la nyuma nikafunga wavu wa kamba kila upande ili nguo isiingie kwenye spoku. Wavu huo alinisukia fundi wa hapa hapa Paje.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, Mwalimu. Hili la kuhesabu nyumba lilistahili uzi wake, na naomba uuandike. Wavu wa kamba nitawaelekeza wanaoniuliza, hata wanaume wenye kanzu watafaidika nao.

Mchangiaji kutoka Mkoani

Nina suala la kisheria. Je, mtu anayetoka Mkoani kwenda Konde kwa baskeli, akalala njiani, anaruhusiwa kusali kasri, yaani kuifupisha sala kwa sababu ya safari? Safari imemchukua siku mbili au zaidi na amechoka kuliko aliyepanda ndege kwenda Dar es Salaam.

Mchangiaji kutoka Chake Chake

Waulize masheikh wako kwa uhakika, lakini nilivyosomeshwa katika madhehebu ya Imam Shafi ni kwamba kinachoangaliwa ni masafa, wala si uchovu wala idadi ya siku. Masafa hayo ni marhala mbili, ambazo wengi leo huzikadiria kuwa kilomita 80 na kidogo, nayo huhesabiwa ya kwenda tu bila ya kujumlisha kurudi. Kisiwa chetu chote hakifiki hapo kwa urefu, kwa hiyo mtu wa Mkoani aendaye Konde anasali kamili hata akiikokota baskeli njia nzima. Maalim alitoka mjini Unguja kuja Pemba, kwa hiyo yeye alikuwa msafiri, maadamu hakunuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili mbali na siku ya kufika na siku ya kuondoka. Katika safari moja, juu ya kilima kimoja, mgeni anasali rakaa mbili na mwenyeji nne.

Mchangiaji kutoka Bububu

Nimefuatilia mjadala wote. Likizo yangu ni mwezi wa Novemba na haibadiliki. Nina baskeli ya mtumba ya inchi 26 yenye gia. Je, niache mpaka mwakani?

Mwanzisha uzi

Usiache. Novemba ni vuli, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, kwa hiyo upepo hautakusaidia wala hautakudhuru sana, na unaweza kuzunguka Unguja upande wowote utakao. Jihadhari na mvua: hunyesha kwa nguvu na kukatika, basi toka baada ya sala ya alfajiri na upate mahali pa kujisitiri kabla ya mchana. Pemba bado utakuta karafuu, na mvua ikitishia watu wote hukimbilia kuanua majamvi barabarani, hivyo punguza mwendo penye nyumba. Tyubu na tairi za inchi 26 nilizikuta kwa mafundi wa Chake Chake, Wete na Mkoani, na vijijini utapata kiraka na solusheni. Chukua tyubu mbili za akiba hata hivyo, kwa sababu mawe ya maweni hukata ubavu wa tairi, na kiraka hakishiki vizuri kwenye mvua. Ukifika Konde, nenda Micheweni na Kiuyu badala yangu, kisha utuandikie hapa kama huyu ndugu yetu ana haki juu ya upepo wa huko.

Mchangiaji kutoka Konde

Na akifika aniulizie barzani karibu na soko la Konde. Baskeli yake nitamwangalizia mimi.